Humo Alimo

Kazi ya mkaguzi ni kutafuta kilichopungua. Miaka yote aliyokaa kwenye kazi hiyo, hakuna aliyemfundisha la kufanya kitu kikizidi. Kwa hiyo Jumanne ile, saa nne asubuhi, aliposimama kwenye uwanja wa magari mabovu nyuma ya karakana ya idara, alihesabu, akarudia, akahesabu tena akigusa kila bodi kwa kidole. Yakawa kumi na mawili. Orodha aliyopewa ilisema kumi na moja.

"Labda moja limezaa," alisema Mtunza Ghala. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye funguo nyingi kiunoni zilizomtangaza kabla hajafika.

Gari lililozidi lilikuwa mwisho kabisa, limebanwa kwenye ukuta, limefunikwa turubai. Kwenye magari mengine majani yalikuwa yameota hadi madirishani. Chini ya hili majani yalikuwa yamelala, yamekandamizwa na magurudumu. Halafu matairi yenyewe yalikuwa magumu, yamejaa upepo, wakati yale mengine yote yalikuwa yamekaa chini kwa ringi.

Walivuta turubai pamoja. Ilikuwa pikapu nyeupe isiyo na namba. Usukani wake ulikuwa umevishwa kitambaa kilichofumwa kwa uzi wa kijani na njano. Mtunza Ghala alirudi nyuma hatua moja, na kucheka kukamtoka usoni.

"La Polepole hili," alisema kwa sauti ya chini. "Bosi, tulifunike. Tulifunike, twende zetu, hatujaona kitu."

Polepole alikuwa dereva wa idara. Jina hilo alipewa kwa sababu hajawahi kulipita hata trekta. Wiki tatu nyuma, siku ya Ijumaa, yeye na pikapu walitoweka kwa pamoja, na Jumatatu yake kila mtu alishajua habari: ametoroka na mali ya serikali. Mlinzi wa geti aliapa kwamba hakuna gari lililopita mbele yake jioni ile. Akafukuzwa kazi kwa kosa la kulala zamu.

Na sasa pikapu ilikuwa hapa, ndani ya ua, haijawahi kupita getini. Mkaguzi aligeuka kutazama njia ya kutokea. Tuseme ukweli mapema, maana hata mke wake husema mbele ya wageni: Mkaguzi alikuwa mwoga. Alikuwa anaogopa mbwa, lifti na watu wanaocheka sana. Lakini mazoea ni kitu kibaya, na kabla hajakimbia aliingiza kichwa ndani ya gari. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Upande wa abiria, chini, kulikuwa na mto mdogo wa kukalia, umetupwa tu.

Kama gari halikutoka, alijiuliza, je, mwenye kuliendesha?

*

Alikuwa ametumwa na makao makuu kwa swali moja. Magari ya idara ile yalikuwa yanapungua kila mwaka, lakini gharama za kuyaendesha zilikuwa zinapanda: mafuta, matairi, matengenezo. Ijumaa alitakiwa awe amesaini taarifa ya hasara na kuondoka. Humo ndani pikapu ilihesabiwa kuwa imeibwa na Polepole kuwa mwizi. Saini ikishapita, faili la polisi lingefungwa, na mke wa Polepole na mtoto wake wangetolewa kwenye nyumba ya idara.

Taarifa hiyo iliandaliwa na Afisa Utawala, mtu mrefu, mwembamba, msafi, ambaye kabla ya cheo hicho alifundisha Kiswahili miaka mingi. Wafanyakazi walimwita Ticha. Alikuwa na adabu ya kupitiliza. Siku ya kwanza tu alimletea Mkaguzi chai kwa mkono wake, na pamoja na chai akamrudishia barua yake aliyokuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu.

"Umeandika ufunguo *uko* ndani ya droo," alisema akitabasamu. "Umo, ndugu yangu. Kitu kikiwa ndani ya kitu, kimo. Kikiwa mahali unapopaona, kipo. Kikiwa huko usikokujua vizuri, kiko. Unisamehe, mimi jambo hili haliniachi nilale. Watu wanayachanganya yote matatu."

Mkaguzi alicheka kwa heshima na kunywa chai. Tangu hapo alikuwa anajisahihisha moyoni kila akifungua mdomo.

*

Inspekta alifika saa sita. Alikuwa mama mmoja mwenye sauti ndogo na macho yaliyochoka. Aliizunguka pikapu mara moja.

"Alilificha hapa akatoroka kwa miguu."

"Aibe gari, halafu alirudishe kwa mwenyewe?"

"Nikimkamata nitamuuliza. Mkaguzi, wewe endelea na mahesabu yako. Ukipata kitu cha kushika mkononi, nipigie."

Akabaki peke yake na watu wa idara, ambao ghafla hakuna aliyekuwa anamwangalia usoni. Korido ilinyamaza kila alipopita. Kwenye kiti chake ofisini mtu alikuwa ameacha karatasi iliyochapwa kwa mashine: SAINI UENDE NYUMBANI. Aliikunja na kuitia mfukoni. Ilimchukua muda kuweza kukikalia kiti hicho.

Alianza na Fundi. Alimkuta karakana, amelala juu ya boksi chini ya lori, miguu mirefu tu ndiyo inaonekana. Mkaguzi alitafuta pa kusimama asichafue viatu. Sakafu yote ilikuwa nyeusi kwa oili, isipokuwa kipande kimoja kirefu cha saruji safi katikati. Akasimama hapo.

"Watu wanasema uligombana na Polepole."

"Tuligombana, ndiyo. Mbele ya watu." Fundi hakutoka chini. "Alisema nafunga matairi mapya kwenye magari yaliyokufa. Mimi naletewa karatasi, imeshaandikwa matairi yamefungwa. Nasaini."

"Matairi yenyewe uliyaona?"

Spana ilisimama. "Bosi, mimi nina watoto."

"Nani anakuletea hizo karatasi?"

"Zinakuja tu. Nazikuta mezani."

"Na Ijumaa ile ulikuwa wapi?"

"Msibani, kwa mjomba wangu. Waulize ukoo mzima, nilibeba jeneza. Nimerudi Jumatatu nakuta hata pa kufanyia kazi wameniharibia, sasa natambaa chini kama mjusi. Mgongo wangu umekwisha." Spana ikaanza tena kukaza. "Polepole hakuwa mtu mbaya. Kelele tu. Huko aliko, Mungu amtunze."

Kisha akaenda kwa Ticha. Ofisi ilikuwa na mpangilio wa kutisha, kila kalamu imeelekea upande mmoja. Ticha alimsikiliza habari za pikapu mpaka mwisho, huku akitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Basi ni habari njema. Gari limepatikana, hasara imepungua. Nitairekebisha taarifa, wewe usaini, uende ukawaone watoto."

"Na dereva?"

"Dereva ni mtu mzima."

"Mtu hapotei hivi hivi, Afisa. Nafikiri tumtafute."

"Kwa gharama ya nani? Magari ya polisi, mafuta ya polisi, posho." Kwa mara ya kwanza sauti ya Ticha ilipanda. "Tunazungumza kupunguza matumizi, na wewe unataka kuongeza! Mwacheni mtu humo alimo. Watu wana kazi za kufanya." Akaishusha tena, akatabasamu. "Nikuongezee chai?"

Mkaguzi alikataa chai. Kulikuwa na kitu kilichomchoma sikioni, lakini hakujua ni nini. Alidhani ni ule ukali.

*

Jumatano mchana alikwenda ghalani kuhakiki matairi. Mtunza Ghala alimfungulia, akaitwa, akamwacha. Mkaguzi alipita katikati ya rafu. Matairi yaliyoandikwa yalikuwa sitini, yaliyokuwepo yalikuwa manne, na moja lilikuwa la baiskeli. Alipokuwa anainama kulitazama, mlango wa chuma ulijifunga, kufuli likalia nje, na taa zikazimika.

Alipiga kelele. Sauti ilirudi kwake. Ghala halikuwa na dirisha, na hewa ilijaa harufu ya rangi na mpira. Aliupapasa mlango, akaupiga kwa viganja mpaka vikauma, kisha akaacha, kwa sababu alisikia mtu akipumua upande wa pili. Mtu huyo hakufungua. Alisimama tu, halafu hatua zikaondoka taratibu, hatua ndefu. Mkaguzi alikaa chini gizani, akawaza mambo ya kijinga kabisa, kwamba shati lake la Ijumaa halijapigwa pasi.

Funguo zilisikika mwisho wa saa za kazi. Mtunza Ghala alifungua na kuruka nyuma.

"Mama yangu! Nilijua hamna mtu!"

"Kwa nini ulifunga?" Mkaguzi alikuwa amemkunja shati bila kujijua.

"Sikufunga mimi! Ticha aliniomba ufunguo, akaniambia umeshaondoka, atanifungia mwenyewe, kisha akanirudishia. Nimerudi kwa sababu nimesahau chakula changu." Aligeuka kuangalia kama kuna anayesikia. "Bosi, ondoka hapa. Mimi sijui kitu na sitaki kujua. Huko aliko Polepole, mimi sitaki kupelekwa."

Mkaguzi alimwangalia kutoka juu. Mtu huyu, akikaa kwenye kiti cha pikapu jinsi kilivyosukumwa, miguu isingegusa hata klachi. Akamwachia shati.

*

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa ng'ambo ya ukuta wa karakana. Kwenye mlango wa Polepole ilikuwa imebandikwa notisi: kuhama kabla ya Ijumaa. Mke wake alimkaribisha kwenye kochi moja lililobaki. Vingine vilishafungwa. Simu ilikuwa kwenye chaji, na kila baada ya muda aliigeuza kuitazama.

"Yake haipatikani, lakini napiga," alisema. "Huko aliko labda mtandao ni mbaya."

"Shemeji, nisamehe kwa swali hili. Mumeo alikuwa mrefu?"

Kicheko kilimponyoka. "Yule? Alikuwa anakalia mto, nimemshonea mwenyewe. Bila mto haoni barabara. Ule usukani pia nimeufuma mimi. Wenzake walimcheka, akakataa kuuvua." Kicheko kiliisha. "Kaka, wiki ile ya mwisho alikuwa halali. Alisema kuna gari bovu linakunywa mafuta kuliko yeye. Walitaka asaini kwamba ameliendesha. Akasema hapana, nitamsubiri mkaguzi."

Mke wa Polepole aliigeuza simu tena.

"Mwanangu anaulizwa shuleni kama yeye ndiye mtoto wa mwizi," alisema. "Ukisaini, ndiyo jina lake hilo maisha yote. Mimi siombi nyumba. Niambie yuko wapi. Hata kama ana mke mwingine, niambie tu yuko wapi."

Mkaguzi alisimama. Aliahidi, na kuahidi kulimtisha.

Akarudi nyumba ya wageni ya idara, akafunga mlango wa chumba, akagundua kitasa hakishiki. Jana kilikuwa kinashika. Alitafuta mlango wenye komeo akaupata mmoja tu. Mke wake alipopiga simu, sauti yake ilikuwa ya kunong'ona.

"Uko wapi? Mbona unaongea hivyo?"

"Nimo bafuni."

"*Umo* bafuni? Tangu lini unaongea hivyo? Na unafanya nini humo?"

"Nimejifungia. Kuna mtu mmoja hapa anatusahihisha, ukisema uko wakati umo..."

Akaishia hapo. Mke wake alimwita mara kadhaa kwenye simu. Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa sinki.

Mke wa Polepole alisema huko aliko. Fundi alisema huko aliko. Mtunza Ghala naye, huko aliko. Mtu aliyekimbia usikokujua, yuko huko. Ni mmoja tu aliyesema mwacheni humo alimo, na huyo mmoja hajawahi kuchanganya maneno hayo maishani mwake.

Ndani ya nini? Akaikumbuka sakafu nyeusi, Fundi akitambaa juu ya boksi, na kipande kirefu cha saruji safi alichosimama juu yake ili asichafue viatu. Alifungua bomba akanawa uso, kisha akampigia Inspekta.

"Unataka nivunje sakafu ya serikali kwa sababu ya herufi moja?" Inspekta aliuliza.

"Hutavunja wewe. Nitavunja mimi. Wewe njoo tu usimame."

*

Alhamisi, saa mbili asubuhi. Fundi alikuwa na nyundo kubwa na tindo, anamwangalia Mkaguzi kama aliyechanganyikiwa.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Shimo langu la kukagulia magari. Unaingia chini, gari linakuwa juu yako. Nilikuta limezibwa. Eti usalama."

Ticha alifika akitembea haraka, nyuma yake Mtunza Ghala, na nyuma yao nusu ya idara. Inspekta alikuwa ameegemea nguzo.

"Kuna nini hapa?"

"Uhakiki," alisema Mkaguzi. Alifungua faili la gharama. "Kwenye gharama za uendeshaji kuna saruji na kokoto za matengenezo ya sakafu ya karakana. Umeidhinisha wewe, Jumamosi, siku moja baada ya dereva kutoweka, kazi ikafanywa na vibarua siku hiyohiyo. Mkaguzi ana haki ya kupima unene wa zege lililolipiwa."

"Huwezi kuharibu mali ya umma!"

"Nitaiandika kwenye hasara. Fundi, piga."

Nyundo ilishuka. Ticha alipiga hatua mbele, na Inspekta naye akaacha nguzo.

"Mlinzi alisema kweli," Mkaguzi aliendelea, akiongea haraka kwa hofu ya kuishiwa na ujasiri. "Gari halikutoka. Mtu alilipeleka uwanja wa nyuma, na kabla ya kuliendesha alitupa mto akasukuma kiti. Mtu mrefu. Hapa warefu ni wawili. Mmoja alikuwa msibani, na hawezi kuziba shimo linalomlisha. Matairi ya magari yaliyokufa, mafuta yao, vyote vinapita mezani kwako. Na jana ulinifungia ghalani, ukasimama kunisikiliza."

"Hayo ni maneno."

"Ni maneno kweli. Nilisema tumtafute dereva. Ulinijibu nini?"

Ticha alifungua mdomo. Alionekana akiyatafuta maneno yake mwenyewe, na ilionekana pale alipoyapata. Uso wake ulibadilika rangi.

"Ulisema tumwache humo alimo," alisema Mkaguzi.

"Watu wote wanachanganya hayo," alisema Ticha. "Po, ko, mo, watu wote..."

"Wote. Isipokuwa wewe."

Tindo lilipenya. Fundi aliinama, akavuta kipande cha zege, akachungulia. Akaidondosha nyundo na kuziba pua. Mtunza Ghala alianza kusali kwa sauti.

Ticha alikaa chini palepale, kwenye oili, na suruali yake ile safi. Hakuna aliyemgusa.

"Nilimbembeleza," alisema. "Asaini tu. Magari manane yalikuwa yanakunywa mafuta kwenye karatasi, nyumba yangu haijaezekwa, nilikuwa namalizia mwaka huu niache. Akasema atamsubiri mkaguzi. Nikamsukuma. Kidogo tu. Shimo lilikuwa nyuma yake."

"Alikufa palepale?" Inspekta aliuliza kwa ile sauti yake ndogo.

Ticha alifuta oili kwenye kiganja chake.

"Kesho yake ulipowaleta vibarua, alikuwa amekufa?"

"Nilitangulia kumfunika kwa kokoto, wasimwone," alisema Ticha akiitazama sakafu. "Alikuwa amenyamaza."

Mkaguzi alitoka nje. Alishika ukuta akatapika, na alipoinua kichwa alimwona mke wa Polepole amesimama kwenye upenyo wa ukuta, amesikia nyundo, khanga imemdondoka begani. Simu ilikuwa mkononi mwake. Alitazama viatu vya Mkaguzi vilivyojaa vumbi la saruji, akatazama mlango wa karakana, akawatazama watu waliokuwa wanatoka mmoja mmoja bila kumwangalia.

Mkaguzi alikuwa amejiandaa kwa swali lile la jana. Usiku kucha alikuwa amelitafutia jibu. Lakini mke wa Polepole hakuuliza yuko wapi.

"Yumo?" aliuliza.

"Yumo, shemeji," alisema Mkaguzi, akamshika kabla hajaanguka.